Leja Tatu

Nandudu, daktari wa viungo, hakunigusa kwanza.
Alinipa penseli: "Chora unavyokaa kazini."
Nikachora meza, nikachora kiti, nikachora kompyuta,
na katikati yao, bila kukusudia,
nikachora ndoano.

Alicheka. Mimi sikucheka:
kicheko kilikuwa kinachoma chini ya bega la kushoto.

"Miguu sakafuni," alisema. "Yote miwili, usiininginize
kama mtoto kwenye benchi la kanisa.
Kiuno kirudishe nyuma mpaka kiti kikujue.
Viwiko vikae karibu na mbavu.
Na hiyo skrini iinue. Ikukute usoni,
si kifuani. Wewe unaisujudia."

Ofisi yetu iko juu ya ghala la kahawa, Mbale.
Sakafu inanuka magunia
na fungu la samani halijawahi kununua hata msumari.
Kiti changu kiliishiwa pumzi mwaka juzi;
nikikipandisha, hushuka taratibu
kama mtu anayekubali kushindwa.
Akiteng wa meza ya pili akanikunjia taulo,
akaisukuma nyuma ya kiuno changu,
akasema, "Naitaka Ijumaa."

Kitu cha kuinulia skrini nilikifuata stoo.
Huko ndiko nilikozikuta: leja tatu,
majalada meusi, kingo zimeliwa na mende,
na ndani, mwandiko wa baba.

*Wepukhulu, kilo arobaini na mbili.*
*Mudoma, kilo kumi na tisa, unyevu umezidi.*
*Mjane wa Magombe, kilo sita. Alipwe leo.*
Neno *leo* limepigiwa mstari mara mbili.

Miaka thelathini aliandika haya
kwenye meza iliyochongwa kwa ajili ya mtu mfupi,
uso wake ukishuka kidole kimoja kila msimu,
hata mwisho akawa anasalimia watu kwa viatu vyao,
na hakosei jina.
Alipokufa, Gizamba seremala alipima mara mbili,
akanyamaza, kisha akaomba ubao wa ziada.
Si wa urefu. Wa kina.

Samaki, wanasema, hukunjwa angali mbichi.
Hawajasema hukunjuliwa lini.

Nikazipanga mezani, moja juu ya nyingine,
nikaisimamisha skrini juu yake.
Nikakaa nilivyofundishwa: visigino, kiuno, viwiko.
Kichwa kikapanda chenyewe, kwa kusitasita,
kama kifuniko cha sufuria maharage yanapoanza kuchemka,
na juu ya ukingo wa skrini, dirishani,
Wanale.
Ukuta mzima wa mwamba, na maji yake, uzi mweupe,
yakianguka bila haraka.
Miaka sita nimekaa mbele ya dirisha hilo
nikidhani liliwekwa kwa ajili ya mwanga.

Nisikudanganye. Ikifika saa tisa, hesabu zikigoma,
shingo hurudi chini
kama ng'ombe anayeijua njia ya zizini.
Akiteng hugonga meza kwa rula, mara moja tu.
Nainuka. Dakika kumi. Nashuka. Anagonga.
Kila nusu saa natembea hadi mlangoni na kurudi,
kana kwamba kuna mgeni aliyechelewa.
Taulo yake bado ninayo. Ijumaa zimepita nne.

Jana mhasibu mkuu aliuliza
kwa nini nyaraka za zamani ziko mezani, si stoo.
"Ziko kazini," nikamjibu.
Akakunja uso, akainama kuusoma mgongo wa leja ya chini,
na nikausikia wake ukilia,
kama bawaba, waziwazi,
akabaki hapo chini, mkono umeshika meza.

Nikamsogezea karatasi.
Nikamtafutia penseli.